Fedha ya Tawi na Ahadi ya Nafasi ya Kwanza



Katika kikao cha halmashauri ya tawi letu hapa Jinja lililetwa pendekezo kwamba tuilipe kampuni moja shilingi 400,000 kila mwezi, mwaka mzima, ili nyumba yetu ya wageni itokee ya kwanza mtu anapotafuta malazi ya Jinja kwenye Google. Pendekezo halikupita wala halikukataliwa. Limeahirishwa hadi mkutano mkuu. Sisi tunalipinga, na tunataka sababu zetu zijulikane mapema.

Shilingi 400,000 ni ada ya mwezi ya wanachama 80, na wengi wao ni wakata miwa. Nyumba ile ilijengwa ili ilishe mfuko wa misiba. Leo mfuko unatakiwa uilishe nyumba.

Hatusemi kwamba kazi yenyewe ni utapeli. Tovuti isiyofunguka vizuri kwenye simu, isiyotaja bei wala mtaa, haiwezi kuonekana, na fundi ajuaye kuirekebisha anastahili ujira wake kama fundi wa mashine yoyote. Na yetu ni ya aibu: kwa miaka mitatu imebeba namba ya simu ya katibu aliyekwisha kustaafu! Je, kubadili namba nako kunahitaji kampuni?

Tunachopinga ni ahadi. Kijana aliyekuja alituhakikishia nafasi ya kwanza ndani ya mwezi mmoja, eti wana watu wao ndani ya Google. Google yenyewe imekwisha kutangaza kwamba hakuna awezaye kuhakikisha nafasi hiyo, kwamba haipokei malipo ili kupandisha tovuti katika matokeo ya kawaida, na kwamba kazi hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya faida kuonekana. Mwenye kuilipa Google hupata tangazo, nalo hutiwa alama kuwa ni tangazo.

Tulipomwuliza atatumia njia gani, alijibu kwamba atailetea tovuti yetu linki elfu moja kutoka tovuti nyingine. Hapo ndipo penye hatari. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1998, Google huipima tovuti kwa mambo mengi, na mojawapo ni tovuti zipi nyingine zinazoielekezea watu. Ni kama kura, na sisi wa vyama twaijua kura ya kununuliwa. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J. C. Penney, lilikuwa likitokea mbele kwa msaada wa maelfu ya linki zilizotapakaa katika tovuti zisizohusiana nalo. Google ikaliteremsha mbali. Duka likasema halikujua, likaifukuza kampuni iliyokuwa ikilifanyia kazi hiyo. Duka lile lilikuwa na fedha ya kungojea. Sisi tuna vyumba tisa.

Wenzetu wanauliza: hoteli za matajiri zinalipa, kwa nini sisi tubaki nyuma? Swali ni la haki. Lakini wageni wetu ni akina nani? Ni wajumbe wa vyama vingine, watu wa semina, na jamaa wanaokuja kuuguza wagonjwa wao. Hao hutupigia simu. Chumba ni shilingi 40,000 kwa usiku; maana yake tungehitaji kuuza usiku 10 zaidi kila mwezi kwa ajili ya kampuni tu, kabla hatujanunua sabuni.

Tunapendekeza nyumba iandikishwe kwenye ramani ya Google, jambo lisilotozwa kitu, na fundi mmoja alipwe mara moja kwa kazi iliyoorodheshwa na kukaguliwa na mweka hazina. Kampuni ikikubali kuandika kila mwezi imefanya nini, na kutuonyesha wateja wake wa zamani tuwaulize, tutaisikiliza tena.

Nakala ya mkataba imebandikwa ubaoni ofisini. Isomeni kabla ya mkutano, hasa kifungu kinachosema kwamba fedha ikishalipwa hairudishwi.