Kikaratasi cha Karswell kilininyima usingizi

Najua wiki iliyopita nilikuacha njia panda na kisa cha wapangaji wenzangu na ule ugomvi wa umeme. Kiporo hicho kitasubiri. Jumamosi usiku nimeona filamu ambayo nisipokusimulia leo nitapasuka.

Inaitwa Night of the Demon, ya Waingereza, ya mwaka 1957, na haina rangi. Haya, usifunue ukurasa! Najua kijana wa mjini akisikia filamu haina rangi anaanza kupiga miayo. Hata mimi nilikuwa hivyohivyo. Binamu yangu alinipa flashi imejaa filamu za zamani, nikawa natafuta ya ngumi, nikabonyeza pasipo. Shangazi yangu, aliyekuwa anachambua mchele pale sebuleni, akasema, "Iache hiyohiyo, angalau hawavui nguo." Tukaiacha.

Bwana wee! Inaanza na profesa mmoja, Harrington, anaendesha gari usiku kama mtu anayekimbizwa. Anafika kwenye jumba la bwana mkubwa anayeitwa Karswell na kuanza kuomba radhi: atayafuta maneno yote aliyomsema, atakiri hadharani kuwa alikosea, ilimradi alichotumiwa kirudishwe kilikotoka. Karswell anamuuliza swali moja tu, ile karatasi iko wapi? Profesa anajibu imeungua. Basi Karswell anatupia saa jicho, anampoza kwa maneno matamu na kumsindikiza mlangoni. Dakika chache baadaye moshi unatokea juu ya miti, na ndani ya moshi kuna kitu kinakuja kwa miguu yake. Profesa anarudisha gari nyuma kwa mchecheto, anagonga nguzo ya umeme, waya zinamwangukia. Polisi wanaandika kuwa ni ajali ya umeme. Kesi imekwisha.

Hapo mwenzio nikajikuna kichwa. Sababu ni kwamba mwezi uliopita niliokota kikaratasi getini kwetu, kimekunjwa mara nne, kina vistari na vialama ambavyo si Kiarabu wala Kizungu. Mimi, mtoto wa mjini, kidato cha nne na sayansi yangu ya D, nilikicheka, nikakitia kiberiti. Sasa naambiwa kikiungua ndiyo umekwisha! Shangazi akanitazama pembeni. Tukaendelea kutazama.

Mzigo wenyewe uko hivi. Mmarekani mmoja, Dokta Holden, mtaalamu wa saikolojia, anatua London kwa mkutano wa wasomi. Kazi yake ni kuonyesha kuwa Karswell na wafuasi wake ni wababaishaji. Anachezwa na Dana Andrews, uso mkavu kama ubao. Wapo wanaomlaumu kwa ukavu huo, mimi naona umefaa sana. Huyu ni mtu aliyeamua tangu akiwa ndani ya ndege kuwa hakuna kitu kama hicho, na uso wake umefungwa kama duka siku ya sikukuu. Siku moja yuko kwenye chumba cha kusomea cha British Museum, anatafuta kitabu cha kale cha mambo ya wachawi, anaambiwa hakionekani. Karswell anatokea, mpole, mcheshi. Karatasi za Holden zinaanguka chini, Karswell anamwokotea na kumkabidhi. Unaona ilivyo kazi? Hakuna ngoma wala damu ya jogoo. Mtu anakuokotea vitu vyako na wewe unamwambia asante.

Katikati ya zile karatasi kimo kipande cha ngozi kilichoandikwa kwa herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya. Ukipewa nawe ukakipokea bila kujua, siku zako zinahesabika. Njia ya kupona ni moja, umrudishie mwenyewe mkononi, naye akipokee bila kujua. Holden anapewa siku tatu. Anacheka. Ngozi ile inamchomoka chumbani na kurukia kwenye moto wenyewe, ikazuiwa na wavu wa mekoni. Bado anasema ni upepo. Mimi nilikuwa nimeshakunja miguu juu ya kochi.

Kisa kimetokana na hadithi ya M. R. James, "Casting the Runes", iliyotoka katika kitabu mwaka 1911. James alikuwa msomi mkubwa wa Cambridge. Kwenye hadithi yake mhusika anapewa miezi mitatu. Watu wa filamu wakaona hiyo ni mingi, wakaipunguza. Wamefanya vizuri, maana miezi mitatu ni muda wa kusahau, hata deni mtu analisahau.

Lakini sehemu iliyonimaliza si zimwi. Holden anakwenda nyumbani kwa Karswell mchana kweupe na anamkuta amejipaka uso, amevaa kichekesho, anawafanyia watoto wa jirani mazingaombwe. Watoto wanacheka, mama yake Karswell anahangaika na wageni. Wanapotembea bustanini, Karswell anamwambia Holden kwamba anaweza kumwonyesha kidogo. Anapumzika, anafumba macho. Upepo unakuja, si upepo wa mchezo. Meza zinapinduka, watoto wanalia, matawi yanaanguka, na yule bwana amesimama na rangi zake usoni, hata yeye ameshtuka kidogo. Mchezaji ni Niall MacGinnis, Mwairishi, na kama kuna haki duniani angepewa tuzo kwa dakika zile tu.

Halafu usiku mama mtu anamuuliza mwanawe kwa nini asiache. Na Karswell anajibu, kwa maneno yangu mimi: hakuna cha bure, mama. Jumba hili, mashamba haya, maisha haya, vyote vinalipwa na watu wanaoniogopa, na mimi mwenyewe nafanya ninayofanya kwa sababu naogopa. Asipokufa yule, nitakufa mimi.

Nikageuka kumwangalia shangazi. Mchele ulikuwa umesimama mkononi.

Niseme jambo kumhusu shangazi, na nimeomba ruhusa yake. Aliolewa Kanda ya Ziwa. Mumewe alipofariki, na mwaka uleule mtoto wa shemeji yake akafariki kwa homa, asubuhi moja aliamka akakuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango. Haikuwa na jina la mwandishi. Siku saba, awe ameondoka. Macho ya shangazi ni mekundu, mama gani aliyepikia kuni miaka thelathini ana macho meupe? Alikwenda kwa kiongozi mmoja wa pale, akaambiwa hiyo ni karatasi tu, rudi nyumbani ulale. Hakulala. Siku ya tano alipanda basi kuja kwetu Dar na kisanduku kimoja. Hilo lilikuwa mwaka 2011, mimi nikiwa shule ya msingi, na nakumbuka nilivyowaambia wenzangu darasani kwa kejeli kuwa shangazi yangu amekimbia karatasi.

Sasa unaelewa kwa nini sikuthubutu kumuuliza kama filamu inamtisha.

Kuna ugomvi maarufu kuhusu filamu hii. Mwongozaji ni Jacques Tourneur, mzaliwa wa Paris, aliyejipatia jina Hollywood kwa Cat People ya 1942 na I Walked with a Zombie ya 1943. Staili yake ilikuwa kukutisha kwa usichokiona: kivuli ukutani, mlio wa viatu, tawi linalotikisika bila sababu. Hata humu zimo. Kuna ukumbi wa hoteli ambamo hakuna kitu kabisa isipokuwa Holden anasimama na kusikiliza, nami nikapunguza sauti ya televisheni kama vile mimi ndiye ninayefuatwa. Kuna paka wa Karswell anayegeuka chui gizani. Tourneur hakutaka lile zimwi lionekane namna ile. Prodyuza, Hal E. Chester, akataka watu waone walicholipia kiingilio, akalisimika mwanzoni na mwishoni, sura nzima na meno. Mwandishi wa filamu, Charles Bennett, aliyewahi kumwandikia Hitchcock, alibaki na hasira hiyo hadi uzeeni. Marekani nako waliikata dakika zaidi ya kumi na kuibadilisha jina ikawa Curse of the Demon. Ukiitafuta, tafuta ndefu, ile ya dakika kama 95.

Wapenzi wengi wa filamu wako upande wa Tourneur. Na mimi nilikuwa huko, nikamweleza shangazi kwa mbwembwe zote: ingekuwa bora tusilione, tubaki na shaka, yawezekana ni umeme, yawezekana ni woga tu.

Shangazi akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Lazima lionekane."

"Kwa nini, shangazi? Linaonekana kama la mpira."

"Liwe la mpira, sawa. Lisingeonekana, unadhani wangemshika nani? Wangemshika yule bibi."

Nilinyamaza. Yule bibi ni mama yake Karswell, anachezwa na Athene Seyler, mdogo, mwenye kofia, mwenye kujipendekeza. Naye anajaribu kumwokoa Holden. Anampeleka kwa mganga wa kuita mizimu ili aonywe, naye Holden anaona ni vichekesho na kutoka kwa dharau. (Sauti ya mganga yule ndiyo Kate Bush aliyoiweka mwanzoni mwa wimbo wake "Hounds of Love" mwaka 1985, kwa nyie wapenzi wa muziki.) Kweli kabisa, filamu ingekatwa zimwi, ingebaki na maiti, karatasi na bibi kizee aliyejua habari mapema. Kwetu hiyo inatosha.

Na Waingereza wasitufanye sisi ndio tumeumbwa na mambo haya. Kule sheria yao ya uchawi ya mwaka 1735 ilikuwa ikifanya kazi hadi 1951, miaka sita tu kabla ya filamu hii. Mwaka 1944, vita vimepamba moto, mama mmoja aliyekuwa akiita mizimu, Helen Duncan, alifungwa kwa sheria hiyo. Ya kwetu waliyotuachia ni ya mwaka 1928 na imo vitabuni mpaka leo. Tofauti ni kwamba ile yao ilimfunga aliyejidai kuwa na nguvu hizo. Shangazi hakuwahi kujidai chochote.

Mwisho nisikuharibie sana, ila ninaomba unisamehe, nitakuharibia kidogo. Uko ndani ya treni ya usiku. Holden, ambaye sasa ameamini mpaka kwenye mifupa, amempata Karswell na anataka kumrudishia mzigo wake kabla ya saa nne kamili. Karswell hapokei kitu. Hapokei kiberiti wala sigara, hata mkono hampi. Watu wazima wawili wamekaa wanatazamana, mmoja anatoa na mwingine anakataa, heshima tupu, huku saa inakwenda. Ukitaka kujua kama rafiki yako ana moyo mgumu, mwangalie hapo. Nani alipokea nini na lini, nenda ukaone mwenyewe. Nitakwambia tu kwamba kuna mtu anakimbiza karatasi relini, usiku, anaikaribia, inamtoroka, anaikaribia tena. Shangazi alisimama. Alisimama wima, mchele ukamwagika.

Mwishowe polisi wana maelezo yao, treni. Holden anaweza kwenda kuangalia mwili. Haendi.

Zilipopita zile herufi za mwisho shangazi alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama kile kikaratasi cha getini nilikichoma kweli. Nikamwambia ndiyo.

"Chote?"

"Chote, shangazi."

"Mimi cha kwangu ninacho," akasema. Akaingia chumbani, akatoka na kile kisanduku alichokuja nacho, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha kilikuwamo. Karatasi ya daftari la mistari, kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu aliyesoma. Miaka yote hii nilidhani alikitupa. Nikamuuliza anakitunzia nini.

"Mwandiko," akasema. "Naujua ni wa nani. Siku nikitaka, nitamrudishia mkononi."

Tuliokota mchele. Nililala taa ikiwaka mpaka asubuhi, na sitaki maoni yenu juu ya hilo.