Kufundisha Ubanaji wa Mafaili kwa Chaki na Ubao

Umekuwa mtindo katika somo la kompyuta kuwaonyesha wanafunzi mahali pa kubonyeza ili faili libanwe, kisha litumwe, kisha lifunguliwe. Sisi hatuukubali mtindo huo. Mwalimu aliyefunzwa hivyo, siku faili la alama za mtihani litakapofika shule ya pili likiwa halifunguki, hana la kufanya ila kulituma tena vilevile. Twaona afadhali mwanachuo alijue kwanza jambo lenyewe, nalo halihitaji mashine wala umeme.

Lichukueni neno "karakana". Kwa kawaida kompyuta huiandika kila herufi kwa tarakimu nane za 0 na 1, hivyo neno lote ni tarakimu 64. Wanafunzi na wahesabu: a imetokea mara 4, k mara 2, r na n mara moja moja. Herufi itokeayo mno ipewe alama fupi: a iwe 0, k iwe 10, r iwe 110, n iwe 111. Neno lote litakuwa 10011001001110, yaani tarakimu 14 tu. Hakuna kilichopotea, wala hapahitajiki nafasi kati ya herufi, kwani hakuna alama iliyo mwanzo wa alama nyingine. Njia hii aliibuni David Huffman, akaichapisha mwaka 1952. Aliianza akiwa mwanafunzi, baada ya mwalimu wake, Robert Fano, kuwapa hiari ya kuandika insha badala ya kufanya mtihani. Wapendao mitihani kupita kiasi na walitafakari hilo. Hadi leo njia hiyo imo ndani ya mafaili ya zip.

Jedwali la alama sharti limfikie mpokeaji. Kwa neno fupi kama hili jedwali lenyewe lingekula faida yote. Faida huonekana katika maandishi marefu.

Uhamishaji nao una mashaka yake. Mifumo ya Unix humaliza mstari kwa alama moja, namba 10. Windows hutumia mbili, 13 na 10. Kwa sababu hiyo utaratibu wa kuhamisha mafaili uitwao FTP una namna ya maandishi, ambayo hugeuza alama hizo njiani, na namna nyingine isiyogusa kitu. Kugeuza huko huifaa barua ya kawaida. Kwa faili lililobanwa ni maangamizi, maana humo namba 10 si mwisho wa mstari, bali ni kipande cha mnyororo, na kipachikwacho kando yake huvuruga yafuatayo.

Ongezeni tarakimu 1 mwanzoni mwa mnyororo wetu, mkaupeleke kwa kundi la pili pamoja na jedwali. Watasoma "rarakana". Wasiambiwe kilichotendeka. Waachwe wabishane kama kosa ni la mwandishi, la jedwali au la mjumbe, na mwalimu anyamaze mpaka wao wenyewe waombe kuuona mnyororo wa awali.