Nusu ya Methali: Karamu za Parokia na Hisani ya Eldoret

Katika karamu za parokia mjini Eldoret na viunga vyake, ni nadra siku kupita bila ya kusikika methali "Kutoa ni moyo". Mfawidhi huitamka akiwa ameshika kipaza sauti, kina mama hudakia kwa vigelegele, na kapu la mchango huanza kuzunguka. Ajabu ni kwamba aghalabu methali hiyo huishia hapo. Sehemu yake ya pili, "usambe ni utajiri", huachwa kana kwamba haikuwahi kuwako. Huenda sababu ni ya kilugha: kitenzi "kuamba", kwa maana ya kusema, kimekwisha kuchakaa katika mazungumzo ya kila siku, nacho kimebakia kujificha ndani ya "kwamba" na ndani ya semi za wahenga. Lakini ipo sababu nyingine isiyohusu sarufi. Ni vigumu kwa mtu kukiri hadharani kwamba utoaji si utajiri, kisha papo hapo akasoma orodha ya watoaji kuanzia aliyetoa laki moja hadi aliyetoa shilingi hamsini, na huyu wa mwisho, jina lake lisitajwe, akajumlishwa katika "wengineo".

Dai la makala hii ni kwamba nusu hiyo inayoachwa ndiyo iliyoibeba hisani ya Kikristo ya Eldoret katika siku zake ngumu kuliko zote, na kwamba karamu inayosimama juu ya nusu ya kwanza pekee inaidhoofisha hisani hiyo polepole, huku watu wakiishangilia.

Yafaa karamu yenyewe itazamwe kwanza, maana ni tukio lenye fasihi yake. Iwe ni sikukuu ya mtakatifu msimamizi, upadrisho wa kijana wa kijijini, kipaimara au misa ya mavuno baada ya mahindi ya Uasin Gishu kuvunwa, mpangilio wake hautofautiani sana. Wakati wa matoleo waumini huja mbele wakicheza kwa mdundo wa ngoma na kayamba. Wapo waliobeba mkate na divai, na wapo waliobeba ndizi, trei za mayai, maboga, kuku aliyefungwa miguu, debe la maharagwe, na gunia la mahindi juu ya mabega ya vijana wawili. Nyuma ya jengo, kina mama walioamka alfajiri wanashughulikia sufuria za wali na nyama, na penye wenyeji wa Kikalenjin mursik haikosi kuletwa ndani ya kibuyu. Kisha, baada ya baraka ya mwisho, huja mnada.

Mnada huu haujapewa na wanafasihi heshima unayostahili. Jogoo aliyetolewa altareni hununuliwa kwa mara kumi ya bei ya sokoni, mnunuzi humrudisha auzwe tena, naye huuzwa tena, na tena. Kwa mchumi hayo ni mazingaombwe. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi ni utendaji kamili: yupo mtambaji, ipo hadhira inayoshiriki, yapo majigambo, upo utani wa jirani kwa jirani, mwalimu akishindana na mwenye duka huku halaiki ikiwachochea wote wawili. Jogoo habadiliki, kinachopanda bei ni jina la mnunuzi. Hapana ubaya wowote maadamu mchezo unabaki kuwa mchezo wa watu waliozoeana. Ubaya huingia pale afikapo mgeni wa heshima mwenye msafara wa magari, akamnunua jogoo yuleyule kwa fedha ambazo parokia nzima haiwezi kushindana nazo, akapokezwa kipaza sauti, na kuanzia hapo karamu ikawa yake.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito Eldoret kuliko kwingineko? Kwa sababu ya jinsi mji wenyewe ulivyoundwa. Ulianza na posta iliyofunguliwa mnamo 1910 katika shamba nambari 64, na hata baada ya kupewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, bado wapo wauitao Sitini na Nne. Reli, mashamba makubwa, viwanda na Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984, viliwaleta watu wa lugha nyingi. Katika mji wa namna hiyo Kiswahili hakikuwa pambo la ibada, bali kilikuwa sharti lake. Misa ya Kiswahili ndiyo iliyomkalisha Mnandi, Mkikuyu, Mluhya, Mluo na Mturkana kwenye benchi moja, wakaitikia kwa sauti moja bila mmoja wao kudai kwamba lugha ile ni ya kwao peke yao.

Chini ya misa kuna ngazi nyingine isiyoonekana kwa mgeni, nayo ni jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki lililoasisiwa 1961, waliamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya hizo, uamuzi uliosisitizwa katika mkutano wao wa 1976. Mwaka huohuo Taasisi ya Kichungaji ya Gaba ilihama kutoka Uganda ikaja Eldoret, hata mji huu ukawa mojawapo ya mahali ambapo fikra hiyo ilifundishwa na kuandikiwa. Jumuiya ni kaya chache za ujirani zinazokutana kila juma katika nyumba ya mmoja wao, wakasoma Injili, kisha wakajuliana hali. Na katika kujuliana hali ndimo hisani ilimo. Hapo hujulikana nani amelazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na nyumba ipi haijawasha moto tangu jana. Gorogoro ya unga hutoka nyumba hii ikaingia ile bila mfawidhi wala makofi. Nusu ya pili ya methali hutendwa hapo hata na asiyeweza kuitamka.

Sarufi ya Kiswahili inaitambua tofauti hii vizuri kuliko hotuba nyingi. Kutoka mzizi mmoja wa "changa" hupatikana "changiana" na "changisha". Katika kauli ya kutendeana hakuna aliye juu: anayetoa leo ndiye atakayepokea kesho. Katika kauli ya kutendesha yupo anayewafanya wengine watoe, na huyo ndiye anayekumbukwa. Jumuiya huchangiana, ilhali karamu ya siku hizi huchangishwa. Viambishi viwili tu, na uhusiano wote wa kijamii umegeuka.

Hisani ya kuchangiana ilitiwa katika mizani baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Siku ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini katika machafuko hayo. Kiambaa ilibomoa imani kongwe kwamba ukuta wa kanisa hauguswi. Katika siku hizohizo ua wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret ulijaa wakimbizi wa ndani wapatao 10,000. Askofu Cornelius Korir, ambaye mwenyewe alikuwa Mkalenjin, aliwafungulia milango watu ambao wengi wao walikuwa Wakikuyu, wakati ambapo kufanya hivyo kulimweka mtu katika hatari ya kuitwa msaliti na watu wake.

Watu elfu kumi hulishwaje? Mashirika ya misaada yalikuja, na shukrani ni haki yao. Lakini unga wa msaada haujipiki, wala haujigawi. Panahitajika watu waliozoea kusonga ugali wa mamia, wanaojua kupanga foleni bila kumdhalilisha aliyemo ndani yake, wanaomtambua mama mwenye mtoto mchanga kabla hajaomba. Ujuzi wa namna hiyo haufunzwi kwa siku moja ya msiba. Hujengeka nyuma ya jengo la kanisa, penye zile sufuria, sikukuu baada ya sikukuu. Hii ndiyo faida kuu ya karamu, ambayo haijawahi kusomwa katika orodha yoyote ya wachangaji: karamu ni mazoezi ya siku ya njaa.

Si haki, hata hivyo, kuipamba picha hii kupita kiasi. Waumini walioketi benchi moja Desemba ndio hao baadhi yao walioinuliana silaha Januari. Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lenyewe lilikiri mwaka 2008 kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande, wakaomba radhi. Jumuiya nazo, kwa kuwa hufuata ujirani, huwa za kabila moja pale ujirani unapokuwa wa kabila moja, na machafuko yale yaliwahamisha wengi wasirudi tena. Kwa hiyo hisani ya kuchangiana si kinga kamili. Ni bora tu kuliko ile nyingine.

Kwamba ni bora, ushahidi wake umo katika kitabu cha Korir kilichochapishwa 2009 kuhusu uzoefu wa kujenga amani Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Jina lake kuu ni la Kiswahili, Amani Mashinani, ingawa maandishi ya ndani ni ya Kiingereza (jambo ambalo lingetosha kuwa mada ya makala nyingine katika jarida la Kiswahili). Njia anayoieleza ni ya taratibu. Kila jamii hukutana kwanza peke yake, ikatoa uchungu wake bila kusikilizwa na hasimu. Baadaye wachache hukutana na wachache wa upande wa pili, kisha wengi na wengi, wakala pamoja. Mwisho hupewa kazi moja ya kuwaunganisha: barabara, shule, josho la mifugo. Aliyepata kukaa katika jumuiya atatambua mara moja kwamba hiyo ni karamu ya parokia iliyofumuliwa na kufumwa upya. Askofu huyo alifariki mwezi Oktoba 2017, na njia yake imebaki kutajwa zaidi na watu wa mashirika kuliko na wanafunzi wa lugha aliyoitumia kuipa jina.

Watetezi wa harambee watasema kwamba nchi hii imejengwa kwa harambee, na watakuwa wamesema kweli. Tangu Jomo Kenyatta aliponadi wito huo mnamo 1963, shule, zahanati na makanisa mengi yamesimama kwa nguvu ya mkono wa mwananchi. Lakini harambee ile ya mwanzo ilihesabu mawe, mchanga na siku za kazi, na mjane aliyeleta ndoo ya maji alikuwa mchangaji kamili, kama yule mjane wa Injili ya Marko mwenye senti zake mbili. Iliyopo sasa imekuwa soko la heshima. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilijaribu kuidhibiti. Mnamo Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia madhabahuni. Mwezi Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa mamilioni uliotolewa na Rais William Ruto katika parokia ya Soweto, likaamuru fedha zilizokwisha kupokelewa zirudishwe. Mjini Nairobi jambo hilo lilikuwa habari ya magazeti. Uasin Gishu ni jambo la nyumbani, kwa kuwa Rais ni mwana wa kaunti hiyo, na mgeni wa heshima wa huku aghalabu ni jirani, ni mjomba wa mtu, ni aliyesoma na paroko. Kumkatalia kunataka ujasiri wa aina nyingine.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi yao katika mjadala huu, wala si nafasi ya kutoa mahubiri. Misamiati ya jumuiya, utani wa mnada, mtindo wa matangazo ya Jumapili ambamo kifo, arusi na upungufu wa fedha za kununulia mabati husomwa kwa pumzi moja, ni utanzu unaosubiri kurekodiwa. Tasnifu ni nyingi kuhusu riwaya ambazo wanakijiji wa Kesses hawajazisoma. Kuhusu maneno wanayoyasikia kila juma, kilichoandikwa ni haba.

Na kwa parokia, jaribio moja dogo lawezekana katika misa ijayo ya mavuno: majina ya jumuiya yasomwe bila kiasi, mnada ufungwe kwa wanaparokia wenyewe, na mgeni wa heshima apewe sahani yake aketi na wengine. Mwaka wa kwanza kapu litarudi jepesi. Paroko atalazimika kuieleza halmashauri yake kwa nini ukumbi utakaa bila paa msimu mmoja zaidi wa mvua, na yamkini si wajumbe wote watakaoridhika na maelezo hayo.