Kasi ya mtandao hainunuliwi kwa fedha pekee

Vyuo vikuu vyetu vimezoea kuamini kwamba dawa ya mtandao unaokwenda mwendo wa kobe ni moja tu, nayo ni kununua zaidi. Faili zikichelewa, hulaumiwa kampuni inayouza huduma ya intaneti. Mkataba ukiisha, hutiwa saini mwingine wa bei ya juu. Hata hivyo, mtafiti anayetuma data ng'ambo hubaki pale pale alipokuwa. Yamkini kizingiti hakiko baharini wala kwa muuzaji, bali kimo katika chumba chetu wenyewe cha mitambo, ndani ya seva inayohifadhi data.

Huenda msomaji akauliza mwanaisimu anatafuta nini katika mambo ya mafundi. Jibu ni kwamba isimu ya leo huishi ndani ya seva. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa kuhifadhiwa, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 na mikondo miwili, huchukua takriban gigabaiti 1; video huchukua zaidi ya hapo. Anayerekodi Kiyaaku cha msitu wa Mukogodo, lugha iliyobaki vinywani mwa wachache mno, hawezi kuacha kazi yake katika diski moja inayoweza kuungua au kuibwa. Sharti nakala ipelekwe mbali, aghalabu Ulaya, ambako ziko hifadhi kubwa za lugha zilizo hatarini.

Zamani tulikuwa na udhuru. Hadi mwaka 2009 mawasiliano yetu na ng'ambo yalitegemea setilaiti. Mwaka huo kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Njia ikapanuka, lakini mitambo mingi iliyo kwenye ncha za njia hiyo iliachwa na mipangilio iliyotoka nayo kiwandani.

Ili tuelewe kasoro iko wapi, na tukumbuke desturi ya hadithi zetu. Mtambaji husema "Paukwa!" akangoja "Pakawa!" kabla ya kuendelea. Hadhira ikiwa mbele yake, kungoja huko hakumchelewishi. Ikiwa iko ng'ambo ya bonde na sauti yachukua muda kwenda na kurudi, atashinda akingoja kuliko kusimulia. Itifaki ya TCP, inayobeba sehemu kubwa ya data ya intaneti, hufanya vivyo hivyo. Seva hutuma kiasi fulani, kisha hungoja ithibati kwamba kimepokewa. Kiasi hicho mafundi hukiita dirisha, na hutegemea nafasi ya kumbukumbu, yaani bafa, iliyotengwa katika mashine zote mbili.

Itifaki hiyo ilipobuniwa katika miaka ya 1970, dirisha lake halikuweza kuzidi baiti 65,535. Kutoka Nairobi hadi Ulaya na kurudi, pakiti huchukua kama milisekunde 150. Kwa dirisha dogo hivyo, data haiwezi kupita kwa zaidi ya megabiti 3.5 hivi kwa sekunde, hata kama njia ina upana wa gigabiti 1. Kwa mwendo huo, gigabaiti 500 za rekodi zitachukua siku 13.

Mwaka 1992 ilichapishwa kanuni ya kulikuza dirisha, na siku hizi mfumo wa Linux hulikuza wenyewe kadiri ya haja. Ila hauvuki kikomo ulichowekewa. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida cha bafa ya kutuma kimekuwa megabaiti 4. Kwa umbali ule ule, hizo haziruhusu zaidi ya megabiti 220 hivi kwa sekunde. Chuo kilicholipia megabiti 1,000 hutuma faili yake kwa chini ya robo ya kile kilichonunua, kisha kikalalamika kwamba kimepunjwa!

Hesabu ya bafa inayotakiwa haihitaji shahada. Zidisha upana wa njia kwa muda wa kwenda na kurudi: gigabiti 1 kwa sekunde mara sekunde 0.15 ni megabiti 150, sawa na megabaiti 18.75. Fundi akipandisha kikomo kufikia hapo au zaidi kidogo, katika seva inayotuma na ile inayopokea, na njia ikiwa safi, gigabaiti 500 zaweza kufika kwa muda wa chini ya saa mbili. Gharama yake ni mistari michache katika faili ya mipangilio.

Wapo watakaosema kwamba mitambo ya kisasa hujirekebisha, hivyo iachwe kama ilivyo. Kauli hiyo ni sahihi kwa safari fupi. Kutoka Nairobi hadi Kisumu, ambako jibu hurudi mara moja, kikomo cha kawaida chatosha. Wengine watapandisha kila tarakimu wanayoiona, na hao pia nawatahadharisha. Bafa kubwa mno hula kumbukumbu ya seva yenye wateja wengi. Vivyo hivyo, kukuza pakiti kutoka baiti 1,500 hadi 9,000 hufaa pale tu ambapo kila kifaa njiani kimekubali ukubwa huo. Isitoshe, pakiti chache zikipotea kwa sababu ya kebo mbovu au ukuta wa usalama uliolemewa, kasi ya safari ndefu huporomoka, na bafa haitaiponya. Basi sharti tupime kwanza. Programu ya iperf, ambayo haiuzwi, humwonyesha fundi kama kizuizi kiko katika njia au katika diski.

Historia yenyewe yatufunza. Mnamo Oktoba 1986, kasi ya mtandao baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majirani waliotenganishwa na mita mia chache tu, ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Van Jacobson na wenzake walichunguza namna mashine zilivyotuma na kurudia kutuma, wakabadilisha mwenendo wake, na mwaka 1988 wakachapisha matokeo. Maarifa yao ndiyo yaliyouokoa mtandao, na hadi leo mashine zetu hufuata misingi waliyoiweka.

Hapa ndipo lawama yangu ilipo. Vyuo vyetu havikosi fedha za kununua seva, kwani ununuzi una zabuni, sherehe na picha magazetini. Kinachokosekana ni kumthamini fundi anayekaa na seva hiyo baada ya wageni kuondoka. Mara nyingi huajiriwa kwa kandarasi ya muda, hapewi mafunzo, na hana idhini ya kugusa mpangilio wowote. Akijifunza kwa juhudi zake, huondoka kwenda kunakolipa vizuri zaidi, na maarifa yake huondoka naye.

Kabla ya kutia saini mkataba mwingine wa intaneti, kila chuo na kidai ripoti ya vipimo: njia tuliyonayo ina upana gani, na seva zetu hutumia kiasi gani cha upana huo? Mafundi waajiriwe kwa masharti ya kudumu, na kila badiliko wanalofanya liandikwe kwa lugha nyepesi ili atakayewarithi asianze upya. Wahadhiri nao waache kudhani kwamba seva ni kabati la chuma lisilowahusu. Mzee anayetuachia lugha yake katika kinasa sauti ametimiza wajibu wake. Haitakuwa haki sauti yake ipotee katika diski iliyokufa, ilhali nakala ilikuwa ikisubiri siku 13 kuvuka bahari kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kubadilisha tarakimu moja.