Tuhuma Isitangulie Ushahidi

Naafikiana na wasemao kwamba wizi wa maandishi ni hiyana kwa aliyetaabika kuandika. Walakini, kabla ya kumtuhumu mtu yeyote katika Wikipedia, yatupasa kufungua historia ya makala, ambamo kila badiliko limehifadhiwa pamoja na tarehe, saa na jina la mhariri, tukapambanua iwapo aya yenye shaka iliingia yote kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo ni dalili ya kunakiliwa, au ilikua sentensi baada ya sentensi kwa mikono ya watu mbalimbali. Hutokea pia, na hili husahauliwa mno, kwamba gazeti au kitabu ndicho kilichochota kutoka Wikipedia bila kuitaja, na lawama akabebeshwa mhariri asiye na hatia.

Wala hakimiliki si kipimo pekee cha wizi huu. Encyclopædia Britannica ya mwaka 1911 haina tena hakimiliki, na makala nyingi za Wikipedia ya Kiingereza zilianzia humo kwa halali; hata hivyo, aichukuaye pasipo kuitaja amedhulumu, ijapokuwa sheria haimgusi.

Shaka ikithibiti, aya iondolewe mara moja, na mhariri aonyeshwe kwa adabu sentensi zake sambamba na zile za asili, kwa maana wako wadhanio kwamba kubadili maneno mawili matatu kwatosha. Nawasihi wahariri wenzangu wasimwite mtu mwizi hadharani kabla hajapewa fursa ya kujibu.