Motokaa Yapungukiwa Maji: Yanakwenda Wapi?

Juma hili tuzungumze habari ya maji ya motokaa. Usiseme, "Mimi sina motokaa, hayanihusu." Siku mkeo au mwanao atakapougua usiku utapanda gari la jirani, nawe utataka lifike.

Basi sikieni kisa changu, ingawa naona haya kukieleza. Nilikuwa na pikapu ya zamani ya kuteremshia kabichi na viazi kutoka milima ya Usambara mpaka Mombo. Utingo wangu alikuwa kijana mpole, na kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kutia maji katika rejeta. Nikaanza kuona kwamba kila jioni maji yamepungua kadiri ya chupa nzima. Nikachungulia chini ya gari: pakavu, hakuna hata tone. Nikamwita kijana, nikamwambia, "Wewe hutii maji, wanidanganya tu." Akajibu, "Mzee, nayatia mpaka juu." Sikumsadiki. Nikamlipa siku zake, nikamfukuza.

Siku ya tatu niliyatia maji mwenyewe, kwa mkono wangu, yakajaa. Tukapanda kwenda Lushoto, na ndani yumo mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Mlima ule ninyi mnaujua: Mombo iko yapata mita 400 juu ya bahari, na Lushoto yapata 1,400, kona juu ya kona. Hata kabla hatujafika Soni, mshale wa joto ulikwisha ingia penye nyekundu. Nikazima injini. Lori moja likapita, likamchukua mama, naye akajifungua salama hospitalini. Mimi nikabaki kando ya barabara na maneno ya yule kijana masikioni mwangu.

Kule Lushoto fundi mmoja alinifundisha kutafuta, nami nawapeni mafundisho yake.

Jambo la kwanza: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Kifuniko kile hubana maji, nayo yakibanwa hupita joto la digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua, yageuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Ngoja mpaka mpira mkubwa wa juu ushikike kwa mkono, na ukiuminya uwe laini. Wala usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, maana chuma chaweza kupasuka.

Pili, usitie maji matupu. Tia dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji kama kitabu cha gari kisemavyo. Dawa hiyo huzuia kutu, na tena ina rangi, ya kijani au nyekundu. Maji matupu yakivuja hukauka yasiache alama. Dawa huacha ukoko wa rangi mahali ilipotokea. Lakini jihadharini! Mara nyingi ni sumu yenye utamu. Mtoto au mbwa akiinywa huharibika figo na hufa. Chombo chake kiwekwe mbali, na iliyomwagika ioshwe.

Tatu, usiku tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi tazama doa liko wapi na lina rangi gani. Kama gari lina kipoza hewa, maji safi yasiyo rangi ni ya kipoza hewa, usiogope. Doa jeusi la kuteleza ni oili.

Nne, fuata njia ya maji kwa macho na vidole: mipira yote na vibano vyake, maungio ya rejeta, kifuniko chenyewe, na pampu ya maji. Tazama pia zulia mbele ya kiti cha abiria. Likiwa limelowa na kioo chafanya ukungu wenye harufu tamu, basi kipasha joto cha ndani kinavuja.

Tano, ikiwa nje hakuna kitu, huenda maji yaingia ndani ya injini. Dalili zake ni moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, oili kugeuka kama chai ya maziwa, au mapovu kupanda katika rejeta. Hapo gasketi ya silinda hedi imeungua, nawe usiendeshe tena.

Gari langu halikuwa na dalili hizo. Fundi akafunga penye mdomo wa rejeta pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia, akasukuma hewa mpaka kadiri iliyoandikwa juu ya kifuniko. Mshale ukaanza kushuka polepole. Akamulika kwa tochi, akanionyesha kitundu kidogo chini ya pampu ya maji. Hapo palikuwa na tone. Sili ya pampu ilikwisha choka. Ilivuja injini ilipopata moto tu, feni ikarusha maji, chuma cha moto kikayakausha. Ndiyo sababu chini palikuwa pakavu kila jioni. Tukabadili pampu, na maji hayakupungua tena.

Wako wanaotia manjano au yai bichi katika rejeta ili lizibe. Huziba kweli, lakini huziba na vijia vyembamba vya rejeta, na kesho injini yaungua. Gharama ya pampu ni ndogo kuliko gharama ya injini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pampu ilikwisha, bado kijana. Nikaenda kwao, nikamwomba radhi mbele ya baba yake, nikamweleza habari ya kile kitundu. Walinipokea vizuri, wakanipa na chai. Lakini kijana alikuwa amekwisha pata kazi kwingine, hakurudi.

Basi, ndugu msomaji, kitu kikipungua nyumbani mwako, kiwe maji ya gari, unga wa debe au fedha ya sanduku, tafuta kwanza tundu, ndipo umtafute mtu. Kwaherini hata juma lijalo.