Kioo cha Hockney

David Hockney, mchoraji Mwingereza aliyezaliwa Bradford mwaka 1937, alikuwa ameshavuka miaka 70 alipoanza kuchora kwa kidole gumba kwenye simu. iPad ilipoingia sokoni mwaka 2010 akahamia huko, na ile mifuko mikubwa ya makoti yake, iliyoshonwa ili ibebe daftari la michoro, sasa ikabeba kifaa hicho.

Alichokipenda mapema ni mwanga. Alfajiri, akiwa kitandani kwake katika mji wa Bridlington, Uingereza, aliweza kuchora jua likichomoza bila kuwasha taa wala kutafuta maji na brashi. Kioo cha kifaa kinang'aa chenyewe na rangi zote zipo hapo hapo. Mchoro ukikamilika, marafiki waliupata kwenye simu zao asubuhi ileile.

Kubwa zaidi ni hili: programu aliyochorea, Brushes, ilitunza kila mstari, kisha ikaurudia mchoro tangu mwanzo. Hockney alieleza kwamba hakuwahi kujiona akichora mpaka alipotazama marudio hayo. Mtu aliyeshika penseli zaidi ya nusu karne!

Wapo wanaodai kuwa kazi ya kioo ni njia ya mkato. Waiangalie michoro yake ya barabara ya Woldgate ya mwaka 2011, iliyochapwa kwenye karatasi kubwa na kutundikwa kwenye jumba la sanaa la Royal Academy, London, mwaka 2012: madimbwi, matawi makavu, kisha kijani kinachoingia kidogo kidogo kuanzia Januari. Huo ni uchoraji kamili, na vijana wetu wanaochora kwa simu wasikubali kuambiwa vinginevyo.